Maria Telkes: mama aliyetaka kulitunza jua ndani ya nyumba

Ndugu msikilizaji, siku ukienda zahanati ya kijiji chako, mwombe mhudumu akuonyeshe friji ya chanjo. Zahanati nyingi zisizo na umeme wa gridi sasa zina friji ya sola. Mara nyingi utaona mlangoni au ubavuni kidude kidogo chenye namba, na juu yake kipande cheusi cha sola kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Hicho ni kipimajoto. Hakina waya wala betri ya kubadilisha. Kinakula mwanga, kinasoma joto la ndani ya friji na kumwambia mhudumu kama chanjo za watoto ziko salama, yaani kati ya nyuzi joto 2 na 8.

Kipindi chetu cha asubuhi kilipozungumzia majengo yanayopunguza matumizi ya umeme, wengi mlituandikia mkiuliza mambo mawili. Kwanza, kitu kidogo hivyo kinawezaje kujiendesha kwa jua? Pili, jua likizama nyumba au friji inaishije? Tulipotafuta majibu, tukajikuta tunarudi mara kwa mara kwa mtu mmoja, mwanamke mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani. Jina lake Maria Telkes. Wamarekani walimpa jina la utani, Malkia wa Jua. Leo tunawasimulia maisha yake, mazuri na magumu, kwa sababu kazi yake inagusa hata nyumba zetu za bati na tofali.

Binti wa Budapest

Maria Telkes alizaliwa tarehe 12 Desemba 1900 katika mji wa Budapest. Tangu akiwa mwanafunzi alivutiwa na swali la nishati: siku makaa ya mawe na mafuta yakipungua, watu watapika na kuota moto kwa kutumia nini? Alisoma kemia katika chuo kikuu cha mji huo na mwaka 1924 akapata shahada ya uzamivu. Wakati ule wanawake waliofika ngazi hiyo katika sayansi walikuwa wachache sana.

Mwaka 1925 alisafiri kwenda Marekani kumtembelea mjomba wake, aliyekuwa balozi mdogo wa Hungaria katika mji wa Cleveland. Safari ya kusalimia ndugu ikageuka kuwa maisha. Alipata kazi ya utafiti katika hospitali kubwa ya mji huo, akifanya kazi na daktari George Crile. Walichunguza nishati inayotoka katika viungo vya mwili, hata katika ubongo. Mwaka 1937 alipata uraia wa Marekani, na mwaka huohuo akahamia kampuni ya umeme ya Westinghouse.

Metali mbili na tofauti ya joto

Hapo ndipo tunapokutana na kile kidude cha mlangoni mwa friji.

Chukua waya mbili za metali tofauti, uziunganishe ncha zote mbili. Ncha moja uiweke penye joto, nyingine penye baridi. Umeme mdogo sana utapita ndani ya waya hizo. Jambo hili liligunduliwa na Mjerumani Thomas Seebeck mwaka 1821. Tofauti ya joto ikiwa kubwa, umeme unaongezeka. Ikiwa ndogo, unapungua. Kwa hiyo ukiupima umeme huo unajua joto ni kiasi gani. Mafundi wanatumia njia hiyo mpaka leo kupima joto la tanuri, la mitambo na la majengo.

Telkes aliitazama kwa upande wa pili. Kama joto linaweza kutoa umeme, kwa nini tusilitumie joto la jua kuzalisha umeme? Alitumia miaka mingi kutafuta mchanganyiko wa metali unaofaa zaidi. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya mtambo wake uliogeuza jua kuwa umeme kwa njia hii. Ulifanikiwa kupata karibu asilimia 3 ya nguvu ya jua lililoupiga. Ni kidogo, lakini kwa miaka mingi iliyofuata watafiti waliokuja nyuma yake walihangaika kuipita namba hiyo.

Vipimajoto vingi vya siku hizi vinatumia njia nyingine za kuhisi joto, na paneli za sola za leo zinageuza mwanga kuwa umeme moja kwa moja bila kupitia joto. Hata hivyo wazo la msingi lipo kwenye kazi yake: jua linaweza kuhudumia chombo kidogo cha kupimia, na joto lenyewe linaweza kusomwa kwa umeme.

Maji ya kunywa katikati ya bahari

Mwaka 1939 Telkes aliingia katika chuo maarufu cha teknolojia cha Massachusetts, kinachojulikana kama MIT. Tajiri mmoja, Godfrey Cabot, alikuwa ametoa fedha nyingi kwa ajili ya utafiti wa nishati ya jua, na chuo kikaanzisha mradi maalumu.

Vita Kuu ya Pili ilipowafikia Wamarekani, serikali ilimpa kazi nyingine. Marubani na mabaharia walikuwa wanafia baharini kwa kiu, maji yamewazunguka lakini yana chumvi. Telkes alitengeneza chombo cha plastiki cha kupulizwa kama puto, kinachoelea juu ya maji. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cheusi kilicholoweshwa maji ya bahari. Jua linakipasha, maji yanageuka mvuke, mvuke unagusa ukuta wa plastiki ulio baridi kidogo, unakuwa matone, na matone yanakusanyika chini yakiwa hayana chumvi. Chombo kimoja kiliweza kumpa mtu karibu lita moja kwa siku.

Uzalishaji wake ulichelewa, na kilipokuwa tayari vita vilikuwa vinaelekea ukingoni. Baadaye chombo hicho kikawa sehemu ya vifaa vya dharura vya jeshi, na Telkes akatunukiwa cheti cha heshima mwaka 1945. Wasikilizaji wetu mnaoishi penye maji ya chumvi, wazo hilo mnaweza kulielewa upesi: beseni, maji, kioo cha kufunikia na jua.

Nyumba ya Dover

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa umaarufu, na pia iliyompa machungu.

Massachusetts ni nchi ya baridi kali, theluji inafunika ardhi kwa miezi. Watu walichoma makaa na mafuta mengi ili wasigande. Telkes aliamini kwamba jua la mchana linatosha kuipasha nyumba usiku, mradi lipatikane ghala la kulitunzia joto hilo. Wenzake walitumia matangi ya maji. Yeye alichagua chumvi.

Hapa tueleze taratibu. Wasikilizaji wa Makete na Njombe mnajua asubuhi ya Juni mafuta ya kupikia yanavyoganda kwenye kopo. Ili yayeyuke lazima uyape moto. Jambo ambalo macho hayalioni ni kwamba yanapoganda tena, joto lile uliloyapa linarudi nje. Kila kitu kinachoyeyuka kinameza joto, na kinapoganda kinalitema. Telkes alitumia chumvi inayoitwa chumvi ya Glauber. Hii inayeyuka kwenye nyuzi joto 32 hivi, ambalo si joto kubwa, na inameza joto jingi kuliko mawe au maji yanayochukua nafasi ileile. Tena bei yake ilikuwa nafuu.

Mkuu wa mradi pale MIT, Hoyt Hottel, hakuwa na imani na chumvi hizo. Telkes akatafuta msaada nje ya mradi. Amelia Peabody, tajiri na mchonga sanamu wa Boston, alitoa fedha na kiwanja katika mji wa Dover. Eleanor Raymond, msanifu majengo, alichora nyumba. Kwa hiyo wanawake watatu, mmoja na elimu, mmoja na fedha, mmoja na ramani, walijenga nyumba ya jua mwaka 1948, wakati kazi za namna hiyo zikihesabiwa kuwa za wanaume.

Nyumba ilikuwa hivi. Upande wa kusini, ghorofa ya juu yote ilikuwa ukuta wa vioo, madirisha 18, kwa kuwa kwao jua la majira ya baridi hupita kusini. Nyuma ya vioo kulikuwa na mabati meusi. Jua linapasha mabati, mabati yanapasha hewa, na feni zinaisukuma hewa hiyo hadi kwenye maghala yaliyojengwa kati ya vyumba. Ndani ya maghala kulikuwa na mapipa yenye chumvi kiasi cha tani 21. Mchana chumvi inayeyuka. Usiku chumba kikipoa, hewa inapitishwa pembeni ya mapipa, chumvi inaganda, na joto linarudi kwa wenye nyumba. Hesabu zilionyesha kwamba ghala likijaa, nyumba ingeweza kuvumilia siku kadhaa za mawingu mfululizo.

Mkesha wa Krismasi mwaka 1948, binamu yake Telkes alihamia humo na mkewe na mtoto wao. Magazeti yakaandika, watu wakamiminika kuja kuiona. Nyumba isiyo na jiko la kupashia wala kibomba cha moshi, nje theluji, ndani joto! Majira ya kwanza ya baridi yalikwenda vizuri.

Chumvi ilipogoma

Baadaye mambo yakaharibika. Chumvi ya Glauber ina tabia moja mbaya. Ikiyeyuka na kuganda mara nyingi, inajitenga: sehemu nzito inazama chini kama masimbi ya uji uliokaa, na majimaji yanabaki juu. Ikishajitenga haigandi sawasawa, na isipoganda haitoi joto. Kila mwezi ghala lilipoteza nguvu yake. Mapipa nayo yakaanza kuliwa na kutu na kuvuja. Ilipofika baridi ya tatu, familia ilikuwa inatetemeka. Mwishowe wakaweka jiko la kupashia la mafuta, kama nyumba za majirani.

Kwa Telkes ilikuwa aibu ya hadharani. Waliokuwa na mashaka naye wakapata cha kusema. Mwaka 1953 MIT ikaachana naye.

Wengi wetu tungeishia hapo. Sisi tulipoisoma sehemu hii tuliwakumbuka wakulima wanaojaribu mbegu mpya, ikakataa, na kijiji kizima kikacheka. Tofauti ya Telkes ni kwamba hakuitupa chumvi. Alirudi kuuliza kwa nini imegoma. Alibaini kwamba akichanganya boraksi kidogo, chumvi inapata mahali pa kuanzia kuganda. Baadaye, katika miaka ya 1970, alipata njia ya kuifanya chumvi iwe nzito kama uji mzito, ili sehemu zake zisijitenge. Kati ya kosa na jibu kamili kulipita zaidi ya miaka 20.

Jiko la jua kwa ajili ya vijiji

Baada ya MIT alihamia Chuo Kikuu cha New York. Huko shirika la Ford lilimpa dola 45,000 atengeneze jiko la jua kwa ajili ya watu wa nchi ambako kuni ni shida. Alitengeneza sanduku lenye kuta za kuzuia joto lisitoke, kioo kilicholazwa juu, na bati za kung'aa pembeni za kurudishia mwanga ndani. Jiko hilo lilifikia nyuzi joto 175 hivi, joto la kutosha kuoka mkate na kuchemsha maharage. Alitaka liwe rahisi kutengenezwa, lisiunguze watoto na lifae kwa mapishi ya watu mbalimbali. Pia alitafuta njia ya kuwasaidia wakulima kukausha mazao haraka kwa jua.

Majiko ya namna hiyo yamefika hata Afrika Mashariki, ingawa hayajaenea sana. Akina mama wanaoyatumia wanajua ugumu wake: yanataka upike mchana na uanze mapema, wakati chakula kikuu cha familia nyingi kinapikwa jioni baada ya kutoka shamba. Lakini kanuni ya sanduku lenye kioo utaikuta pia katika makaushio ya sola ya mboga na matunda yanayotumiwa na vikundi vyetu vingi.

Kazi haikuishia hapo. Alifanya kazi katika makampuni mbalimbali, na vitu alivyobuni vya kulinda vyombo visiharibiwe na joto au baridi vilitumika hata katika safari za anga. Mwaka 1969 alihamia Chuo Kikuu cha Delaware. Mwaka 1973 chuo hicho kilijenga nyumba iliyopewa jina Solar One, miongoni mwa nyumba za kwanza duniani kupata umeme na joto pamoja kutoka kwenye jua la paa lake. Ghala la joto lilikuwa kazi ya Telkes, nalo lilitumia chumvi. Alikuwa amepita umri wa miaka 70.

Jengo linalojua lina joto gani

Sasa turudi kwenye swali lenu la kwanza.

Nyumba ya Dover ilifundisha kwamba kuwa na joto ghalani hakutoshi. Lazima ujue lini ulitoe na lini ulifunge. Feni ikizunguka wakati chumba kimeshapata joto, unapoteza bure. Majengo makubwa ya leo, ofisi, hospitali na hoteli, yana tatizo hilohilo: viyoyozi vinanguruma katika vyumba visivyo na mtu, na bili ya umeme inapanda.

Ndiyo maana sasa wanaweka vihisio vya joto katika kila chumba. Kihisio kinapima joto na kuliambia jengo liwashe au lizime. Zamani kila kihisio kilihitaji waya ndani ya ukuta au betri ya kubadilisha, na jengo lenye mamia ya vihisio linachosha. Vipya vingine vina kipande kidogo cha sola kinachoridhika hata na mwanga wa taa au wa dirisha. Siri yake ni usingizi. Kihisio kinalala karibu muda wote, kinaamka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kinapima, kinatuma taarifa kwa mawimbi ya redio, kisha kinalala tena. Ni mawimbi kama haya yanayokuletea sauti zetu, ila dhaifu sana. Umeme kidogo unaobaki unatunzwa ndani yake kwa ajili ya usiku.

Na friji ya chanjo? Zile za mwanzo za sola zilitegemea betri kubwa. Betri zilichoka baada ya miaka michache, zahanati ikakosa fedha za nyingine, na friji ikawa kabati. Sasa nyingi hazina betri. Mchana paneli inaendesha friji na kugandisha barafu kwenye kuta zake. Usiku na siku za mawingu barafu inayeyuka polepole na kuzitunza chanjo. Hapo unaona kanuni ileile ya tani 21 za chumvi za Dover: kitu kinachoganda na kuyeyuka ni ghala. Yeye alitunza joto, sisi tunatunza baridi.

Tusiseme kwamba Telkes ndiye aliyebuni friji hizo au vihisio hivyo. Wapo wengi waliochangia. Ila alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha, ndani ya nyumba yenye watu na mtoto, kwamba jua linaweza kutunzwa bila moto.

Alivyorudi kwao

Telkes hakuolewa wala hakupata watoto. Mwaka 1952 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya chama cha wahandisi wanawake cha Marekani, na mwaka 1977 alitunukiwa na wataalamu wa nishati ya jua. Aliendelea kutoa ushauri hadi uzeeni, akiwa na uvumbuzi zaidi ya 20 uliosajiliwa kwa jina lake. Mwaka 1995 alirudi kutembelea Budapest, mji aliouacha miaka 70 nyuma. Huko ndiko alikofariki, tarehe 2 Desemba, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 95.

Kwa wasikilizaji wetu wa nyanda za baridi tunaongeza neno moja. Kila mwaka katika miezi ya Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha walale na joto. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha mtu, na inaua. Hatuna chumvi za Telkes madukani, lakini unapojenga unaweza kuelekeza dirisha kubwa upande wa kaskazini, kwa sababu kwetu jua la Juni linapita huko, na kujenga ukuta mnene wa tofali unaopigwa na jua hilo mchana. Ukuta huo utakurudishia joto usiku. Jiko la mkaa libaki nje.

Na ukipita zahanati, kitazame kile kidude kidogo cha friji. Kikionyesha chini ya 2 au juu ya 8, mwambie mhudumu palepale. Watoto wa kijiji kizima wanategemea namba ile.